Mablanketi ya Rurambo

Rurambo, tarehe 11 Novemba 1999

Kwa Baba Spès, Nyakabere

Bwana Yesu asifiwe.

Hunijui kwa sura, lakini jina lako nimelisikia nyumbani kwangu miaka mingi. Mimi ni Mukabalisa, mke wa Ezechiel, yule mliyefanya naye kazi miaka tisa katika kiwanda cha nguo kule Bujumbura. Barua hii unaletewa na Élisabeth, mama anayeshuka na maharagwe kila siku ya soko la Lubarika. Ukijibu, mpe yeye mkononi, usimpe mtu mwingine.

Kwanza nikushukuru. Shemeji yangu Ngoga aliposhuka mwaka 1997 kumtafuta kaka yake, ulimwambia kwamba Ezechiel alifika kwako siku zile mbaya za 1996, ukampokea, kisha akavuka mto Ruzizi kurudi Burundi akiwa mzima. Neno hilo ndilo limenishika mpaka leo. Njia zimefungwa, vita vya kwanza vimekwisha na vya pili vimeanza, lakini mimi najua kwamba yuko ng'ambo na siku moja atapanda mlima.

Sasa nieleze shida. Mimi ni muuguzi wa dispanseri ya hapa. Tangu Agosti tumepokea watu waliokimbia vijiji vya juu, wamelala katika kanisa na katika madarasa ya shule. Nimewahesabu, ni mia tatu na arobaini. Kila mtu ana blanketi moja, wengine wawili wana moja. Homa imewaingia: kichwa kinapasuka kwa maumivu, kisha madoadoa yanatoka kifuani, kisha mtu anaanza kusema maneno yasiyo na mpango. Ni homa ya chawa. Vidonge ninavyo vichache, na nikimponya mtu leo analala tena katika blanketi lilelile lenye chawa.

Watu wa msaada waliotutembelea kabla ya barabara kufungwa walituachia bidoni tano za dawa ya kuua chawa. Karatasi inasema: changanya na maji, tumbukiza nguo, kamua, anika. Tulifanya hivyo kwa mablanketi kumi na mawili. Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Hayakukauka. Watoto wawili walilala bila kitu wakafa kwa baridi, mmoja wa miezi saba, mwingine wa miaka miwili. Wazazi walinitazama tu. Sasa hakuna anayekubali kunipa blanketi lake, na mimi mwenyewe siwezi kuwalaumu.

Nikakumbuka Ezechiel alivyokuwa akisimulia. Alisema kwenye sehemu yenu mlikuwa mkiitia nguo dawa kwa povu badala ya maji, na nguo ilitoka na unyevu kidogo tu. Nilikuwa namcheka. Sasa sicheki. Baba Spès, unaweza kunifundisha?

Na ukipata nafasi, niandikie siku ile alipoondoka kwako alikuwaje. Alivaa nini, alisema nini. Ngoga ni mwanaume, hakuuliza.

Mimi, Mukabalisa


Nyakabere, tarehe 23 Novemba 1999

Shemeji Mukabalisa,

Tumsifu Yesu Kristu.

Barua yako nimeipokea, na habari ya watoto wale wawili imenikalia vibaya.

Alichokuambia Ezechiel ni kweli. Sehemu yetu iliitwa apreti, maana yake pale kitambaa kinapopewa dawa za mwisho kabla ya kufungwa. Zamani tulikuwa tunakizamisha kitambaa chote katika birika, kinakunywa maji hadi kinakuwa kizito kama maiti, kisha tunachoma mafuta mengi kukikausha. Mwaka ambao mafuta yalikosekana, injinia mmoja akaleta mashine ya povu. Mimi na Ezechiel tukapewa hiyo.

Elewa hivi. Kitambaa, hasa blanketi, kimejaa vijitundu. Ukikipa maji, vijitundu vyote vinajaa. Lakini dawa haihitaji maji yote hayo, inahitaji kitu cha kuibeba na kuieneza. Povu ni hewa iliyovikwa maji kidogo. Hewa ndiyo inayochukua nafasi kubwa. Ukilipaka povu juu ya blanketi na kulikandamiza, mapovu yanapasuka ndani ya sufu, dawa inabaki, hewa inatoka. Blanketi lako ukilizamisha linakunywa lita tatu au zaidi. Kwa povu nusu lita inatosha. Kwenye upepo, hata bila jua, linakauka kwa muda wa kupika maharagwe.

Sikia sana neno hili: kipimo cha dawa kwa blanketi moja ni kilekile cha karatasi. Kisipungue, kisizidi. Kinachopungua ni maji.

Chukua sabuni inayotoa povu jingi, itie katika maji yenye dawa, upige mpaka povu lisimame. Lipake kwa ubao mwembamba kama mtu anayesiriba ukuta, upande mmoja, kisha wa pili. Kandamiza kwa chupa ukiviringisha. Vaa mifuko ya plastiki mikononi, na mkae mahali penye hewa.

Nakutumia chupa mbili za sabuni ya maji kwa mkono wa Élisabeth.

Ni mimi, Libérat, baba yake Spès


Rurambo, tarehe 9 Desemba 1999

Baba Spès,

Bwana asifiwe. Sabuni imefika. Povu limekataa.

Tulipiga na mwiko, tukapiga na tawi lenye matawi madogo, tukapiga mpaka mikono ikafa ganzi. Linapanda kidogo, kisha linalala kama povu la pombe iliyochacha. Kabla sijamaliza kupaka robo ya blanketi limekuwa maji, yanachuruzika upande mmoja na upande mwingine umebaki mkavu. Nilijaribu kwa blanketi langu mwenyewe, kwa kuwa sikuweza kuomba la mtu. Nililala nimejifunika kitenge na gunia.

Watu sita wamekufa tangu nilipokuandikia. Mmoja ni mwalimu wa darasa la nne, Mathieu, aliyekuwa akinisaidia kuandika majina ya wagonjwa. Siku ya mwisho alikuwa ananiita kwa jina la mama yake.

Niambie tunakosea wapi.

Hukuniambia kitu juu ya Ezechiel. Najua karatasi ni ndogo na kazi ni nyingi. Lakini hata mstari mmoja. Alikuwa na lile koti la kijivu? Mama mkwe wangu ananiuliza kila mara Élisabeth anaporudi, na mimi namwambia barua ijayo.

Mukabalisa


Nyakabere, tarehe 20 Desemba 1999

Shemeji,

Kosa ni langu, nilisahau jambo ambalo kiwandani lilikuwa limetayarishwa na wengine. Dawa yenu imeyeyushwa katika mafuta. Mafuta ni adui wa povu. Ukiitia sabuni kabla dawa haijakubaliana na maji, yale mafuta yanapasua kila kijipovu kinachozaliwa.

Fanya hivi. Kwanza dawa na maji tu. Mimina dawa polepole huku mwingine anakoroga, mpaka yawe meupe kama maziwa na usione tone la mafuta juu. Yaache yatulie, yakiendelea kuwa meupe uko sawa. Pili, pika uji mwepesi sana wa unga wa muhogo, uchuje kwa kitambaa, uache upoe. Kikombe kimoja kwa ndoo ndogo. Huo uji unazipa kuta za povu nguvu, lisilale haraka. Sabuni iwe ya mwisho.

Na chombo. Mwiko hautoshi. Hewa inatakiwa iingie kwa vipande vidogo sana. Kiwandani kulikuwa na ngoma iliyofungwa, ikizunguka. Mtafute kitu kilichofungwa, chenye tumbo, kinachoweza kutikiswa kwa nguvu muda mrefu. Kibuyu kikubwa kingefaa kuliko sufuria yoyote.

Kulijaribu: jaza povu katika glasi, hesabu taratibu hadi mia tatu. Ukiona maji mengi chini ya glasi, rudia. Ukiona machache, paka upesi.

Habari ya Ezechiel nitakuandikia nikipata utulivu. Alikuwa na lile koti.

Libérat


Rurambo, tarehe 14 Januari 2000

Baba Spès,

Bwana Yesu asifiwe sana.

Limesimama! Povu limesimama, nimepindua glasi na halikuanguka.

Lakini nikueleze lilivyopatikana, maana uliandika "kibuyu kikubwa" kama mtu wa bonde anavyoandika. Hapa kwetu kibuyu kikubwa chenye tumbo ni kimoja tu, ni kile cha kusukia maziwa. Bibi harusi anakuja nacho. Hakiwekwi chini ovyo, hakiguswi na mtu mwenye hasira. Kukitia sumu ni kitu ambacho mdomo wa mtu hausemi. Kibuyu kinanyonya kinachotiwa ndani yake, hakitarudi kuwa cha maziwa tena, hata ukikiosha mwaka mzima.

Niliwaomba wazee wa kanisa. Mmoja akasema, "Ng'ombe wamechukuliwa, watoto wamekufa, na sasa weye unataka tuue hata kibuyu?" Nikarudi dispanseri.

Siku ya pili mama mkwe akaja dispanseri. Yeye ni mtu wa maneno machache, na miguu yake ni mibaya, alitembea polepole sana. Alikuwa amekibeba chake kifuani, kile alichokuja nacho akiwa bibi harusi, cheusi kwa moshi na siagi ya miaka hamsini. Akakiweka juu ya meza ya sindano. Akasema, "Minye siko na ng'ombe ata moja. Hiki kinangojea nini?" Nikamwambia mama, kitaharibika, tutakivunja na kukizika kazi ikiisha. Akasema, "Najua. Ndiyo maana nimekileta mwenyewe, kusudi musikuje kukiomba."

Alikaa akatazama. Nilipotia dawa ndani alifumba macho, kisha akayafungua. Wanawake wanne walikisuka kwa zamu, kama siku za maziwa, na mmoja akaanza wimbo wa kusukia bila kujua, akakumbuka akanyamaza. Mama mkwe akamwambia, "Endelea." Basi akaendelea.

Povu lilitoka zito, jeupe. Tulipaka mablanketi thelathini na moja siku ya kwanza. Yote yalikauka kabla ya jua kuzama, na ukungu ulikuwepo. Siku ya pili watu walikuwa wamepanga foleni. Siku tisa tumemaliza yote, na nguo pia. Dawa imetosha, imebaki bidoni moja na nusu. Sasa ni siku ya kumi na mbili sijapokea mgonjwa mpya wa homa ile. Bado watatu wamelala, lakini wanakunywa uji.

Kibuyu tulikivunja juzi. Tumekizika mbali na maji. Mama mkwe alichimba kidogo kwa jembe, kisha akampa mwingine.

Sasa habari nyingine. Tumeambiwa tuondoke. Vita vinasogea, milio tunaisikia upande wa juu. Ngoga anataka watu wote washuke Uvira kabla ya katikati ya Februari. Watashuka. Mimi nimekataa. Ezechiel alipokwenda Bujumbura mara ya mwisho aliniambia, "Uningojee hapa." Nikiondoka, akifika atakuta mlango umefungwa na hakuna wa kumwambia niko wapi. Mama mkwe anasema kama mimi nabaki na yeye anabaki.

Baba Spès, nimefikiri sana juu ya kimya chako. Nadhani nimekielewa. Ameoa mwingine huko ng'ambo, na wewe unajua, na unaona haya kuniambia. Kama ni hivyo, niambie tu. Wanaume wengi wamefanya hivyo katika vita hivi. Nitalia siku mbili kisha nitaendelea. Lakini nitabaki hapa hata hivyo, mpaka aje aniambie kwa mdomo wake.

Mukabalisa


Nyakabere, tarehe 25 Januari 2000

Mama Mukabalisa,

Toka Rurambo. Shuka na wengine, umchukue na mama. Hilo ndilo neno la kwanza, hata kama ukilisoma utaichana barua na kuacha mengine.

Ezechiel hakuoa. Ezechiel amekufa. Hakuvuka mto. Yuko hapa, ukingoni mwa shamba langu la muhogo, tangu Oktoba 1996. Tulimzika mimi na binti yangu Spès.

Nitakuandikia yote, kwa mpango, kwa kuwa nimeichana barua hii mara nyingi na leo sitaichana.

Alifika siku ya Jumatano, amevuka kutoka Burundi akitaka kupanda kwenu. Kiwanda kilikuwa kimewapunguza watu. Hakujua kwamba siku zile kwenye barabara za huku watu wa milima walikuwa wanatafutwa mmoja mmoja wauawe. Alikuwa na koti la kijivu na mfuko wenye kilo mbili za sukari na kitambaa cha maua, mita nne. Nilimficha katika ghala la mahindi. Alilala mchana, tukaongea kwa kunong'ona. Aliongea habari zako. Alisema una hasira upesi na unacheka upesi.

Siku ya nne, Spès alikwenda kisimani, na mwanaume mmoja akamuuliza mbele za watu, "Siku hizi kwenu munakunywa maji mengi. Iko mugeni?" Mtoto alisema hapana. Alirudi mbio, ndoo imebaki nusu.

Nilikaa chini nikafikiri. Nilikuwa na mke mgonjwa, na Spès alikuwa na miaka kumi na sita. Nikaingia ghalani nikamwambia, "Ndugu yangu, kesho inafaa uende." Sikuweza kumtazama. Akainuka. Kisha akasema, "Weye ulinipatia siku ine. Hakuna mwengine mwenye alinipatia ata moja." Akaanza kukunja gunia alilokuwa analalia, kama mgeni anayeacha nyumba safi. Ningeweza kusema baki. Mdomo ulikuwa wangu, hakuna aliyeushika.

Aliondoka kulipokucha ili arudi Burundi, akielekea mtoni, kwenye kivuko cha matete. Saa nne hivi Spès aliwasikia watu kisimani wakisimulia na kucheka. Nilikwenda mtoni peke yangu. Sitakuandikia nilivyomkuta. Ujue tu kwamba haikuchukua muda mrefu, hilo niliweza kuliona. Sukari na kitambaa walichukua. Tulimleta kwa mkokoteni chini ya majani ya muhogo. Tulimvika shuka jeupe la kitanda changu. Sala za Waprotestanti sikuzijua. Nilisema Baba Yetu, kwa kuwa hiyo ni yetu sote.

Kisha Ngoga akaja mwaka uliofuata. Alikuja na watu watatu wenye bunduki. Akaniuliza, kaka yangu yuko wapi? Nikaona nikisema amekufa, ataniuliza nani alimtoa nje ya nyumba, na jibu ni mimi. Nikasema, alivuka. Neno lilitoka kabla sijalifikiri. Aliponishukuru na kunishika mkono, lilikuwa limekwisha kuwa gumu, sikuweza kulirudisha.

Sikujua kwamba neno hilo lilipanda mlima na kukaa nyumbani kwako miaka mitatu. Nilijua tu uliponiandikia Novemba. Kila barua niliyokuandikia ya sabuni na uji wa muhogo nilikuwa nataka kuandika hii. Kuandika juu ya povu kulikuwa rahisi, nikamaliza karatasi kwa hilo.

Hufungwi tena na ahadi yoyote hapo. Anayekufunga ni mimi na uongo wangu. Shuka.

Libérat


Nyakabere, tarehe 6 Machi 2000

Mama Mukabalisa,

Élisabeth hajaonekana sokoni siku tano za soko. Mwezi uliopita tuliona moshi juu, upande wenu, siku mbili. Watu wa Lubarika wanasema Rurambo imeungua. Wengine wanasema walishuka kabla. Nimempa barua hii Onesphore, fundi baiskeli anayekwenda Uvira, aulize kwenye kambi zote.

Sihitaji jibu kwangu. Mwambie tu Onesphore kwamba uko hai, yeye ataniambia.

Libérat


Uvira, Kavimvira, tarehe 2 Aprili 2000

Bwana Libérat,

Niko hai. Onesphore nilimwambia, lakini nimeona niandike pia kwa mkono wangu.

Barua yako ya Januari ilinifikia tarehe 9 Februari. Élisabeth alinikuta dispanseri nikiwa nawafundisha wanawake wawili kupima madoadoa. Nilisoma mistari mitatu, nikaikunja nikaitia mfukoni, nikamaliza somo. Sijui ni nani aliyemaliza lile somo. Kisha nikakaa nyuma ya nyumba nikasoma yote.

Nilimwambia mama mkwe jioni ile. Alisema, "Nilijua." Nikamuuliza ulijua lini, kwa nini hukusema? Akasema, "Weye ulikuwa unangojea vizuri sana. Niliona haya kukukataza."

Tuliondoka tarehe 11, kundi la mwisho. Tarehe 14 wapiganaji wakachoma kila kitu, kanisa, shule, dispanseri. Watu wanne waliobaki hatujawapata. Ningekuwa wa tano na mama wa sita.

Basi nikuambie mambo mawili na yote mawili uyashike. Barua yako ndiyo iliyonitoa pale. Na uongo wako ndio uliokuwa umeniweka pale. Nilipika chakula cha watu watatu miaka mitatu, bwana Libérat. Nilikataa kuhama mara mbili kabla ya hii. Nilimfukuza mtu mwema aliyekuja kuniposa mwaka 1998, nikamtukana, kwa kuwa nilikuwa mke wa mtu aliye ng'ambo. Wakati huo wote mume wangu alikuwa chini ya muhogo wako, na wewe unapita hapo na jembe begani.

Kumtoa nje ya nyumba, hilo naweza kulitazama. Nimewaza kama ningekuwa wewe, na Spès angekuwa wangu, na sipati jibu linalonipendeza. Lakini hili la pili silielewi. Wenye bunduki walikuwa watatu na waliondoka siku hiyohiyo. Baada ya hapo ulikuwa unamwogopa nani?

Sikusamehe. Sisemi kwamba sitasamehe, nasema leo sina.

Watu wetu walishuka siku mbili katika mvua wakiwa wamejifunika mablanketi yale. Hapa kambini tumechanganywa na watu wengine elfu mbili, na homa ya chawa ipo. Kwa watu wa Rurambo haijamwingia hata mmoja. Daktari wa kambi ameniuliza tulifanya nini, nikamwonyesha barua zako mbili za povu. Amenipa wanawake ishirini niwafundishe, na pipa la kuzungusha badala ya kibuyu. Anadhani wewe ni mtaalamu wa shirika fulani. Nilimwambia ni mzee wa Nyakabere, mkulima wa muhogo.

Barabara ya bonde imefunguliwa kidogo. Jumamosi tarehe 15 nitakuja na mama mkwe na Ngoga. Ngoga nimemwambia yote na nimemwapisha mbele ya mchungaji kwamba atakuja mikono mitupu. Utuonyeshe mahali.

Mukabalisa


Uvira, Kavimvira, tarehe 20 Aprili 2000

Baba Spès,

Jumamosi sikuweza kuongea nawe. Nilijiandaa njia nzima kwa maneno makali, nilikuwa nayo yote kwa mpango, na nilipoona kaburi yakatoka kichwani. Kwa hiyo naandika.

Nilidhani nitakuta muhogo umepandwa juu yake. Kumbe umeacha nafasi kubwa, hujalima hapo hata mara moja, umepoteza mistari mitatu ya shamba miaka yote hii na majirani walikuwa wanakucheka kwamba hujui kupima. Spès ndiye aliyenisimulia, si wewe. Aliniambia pia kwamba kila mwaka Oktoba unakwenda kukaa hapo kuanzia asubuhi hadi jua likiwa kichwani, na ukirudi huli. Sikujua niliweke wapi neno hilo. Bado sijui.

Ngoga alitaka kumhamisha. Tulikubaliana na mama kwamba kwa sasa abaki. Juu hakuna pa kumpeleka, na hapa kambini ardhi ni ya wengine. Vita vikiisha tutaona. Mchungaji tuliyekuja naye alisoma vizuri, na wewe ulivyosimama nyuma na kofia mkononi, uliposikia Baba Yetu ulisema kwa sauti kuliko sisi sote. Nilikusikia.

Njiani kurudi, Ngoga aliuliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo. Alimwambia mama, "Kwa nini ulikunywa maji yake?" Maana ulipoleta yale maji, mimi na Ngoga tuliyaacha, na mama aliyachukua kwa mikono miwili akanywa hadi mwisho mbele ya watu wote. Mama aliendelea kutazama njia mpaka tulipofika Kiliba. Kisha akasema, "Mutoto wangu alikunywa maji ya ile nyumba siku ine. Minye mama yake nikatae?"

Ngoga aligeuka akatazama ziwa.

Mimi sikunywa, na uliona. Niliona pia ulivyorudisha ile glasi ndani ikiwa imejaa, ukiishika taratibu kusudi isimwagike.

Nitakuja tena mwezi wa kumi, kama barabara itaruhusu. Nitakuja peke yangu. Uweke maji. Sijui kama nitakunywa, Baba Spès, lakini uyaweke.

Mukabalisa